Mtoto si Mzigo, Ila Mfunge

Hongera, mmejaliwa. Mbuzi wa akika wameshaliwa, siku arobaini za mama zimetimia, na shangazi aliyeko Minneapolis ametuma zawadi: kiti cha gari cha mtoto mchanga. Kijitabu cha maelezo kimeshatumika kuwashia jiko la makaa, kwa hiyo utahitaji mwongozo huu. Umeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Mandera, ambapo gari lina viti vitano na abiria wanane.

Hatua ya kwanza: kiokoe kiti

Kabla hakijafika garini, kiti hicho kitapewa kazi nyingine. Chumbani kitakuwa kitanda, dukani kitawekewa miraa, uani watoto wakubwa watakivuta kwa kamba. Vumilia kwa kiasi, ila usikubali kiti kilichowahi kuwemo katika ajali kubwa, hata kama hakina ufa. Kazi yake imekwisha. Kama umekinunua mtumba, uliza historia yake kwa ukali ule ule unaoulizia historia ya ngamia. Kisha kipindue usome maandishi: viti vingi vina tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kuwa plastiki huchoka, na jua letu halijawahi kumhurumia yeyote.

Hatua ya pili: gawa viti kwa heshima

Kwa desturi kiti cha mbele ni cha mzee. Safari hii desturi na sayansi zimeelewana: mzee akae mbele, mtoto nyuma. Mfuko wa hewa uliofichwa kwenye dashibodi hufumuka kufumba na kufumbua, na kiti kinachotazama nyuma kikiwa hapo, kipigo chote huishia kwenye mgongo wa kiti, palipo na kichwa cha mtoto. Mzee ana mbavu za kustahimili mfuko huo. Mtoto hana.

Hatua ya tatu: mtazamishe nyuma

Hapa ayeyo, yaani bibi, ataingilia kati. "Mwanangu, mjukuu wangu amekosa nini mpaka unamgeuzia ukutani?" Usibishane. Mjibu kwa adabu: "Hoyo (mama), shingo yake bado laini." Kichwa cha mtoto aliyezaliwa karibuni ni kama robo ya urefu wake wote. Gari likigonga kwa mbele, mwili hutupwa mbele. Mtoto anayetazama mbele hushikwa mabega, kichwa kikaendelea na safari peke yake. Anayetazama nyuma hupokelewa na kiti kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja.

Ayeyo asiporidhika, mwelezee habari za Profesa Bertil Aldman wa Sweden. Katika miaka ya 1960 aliona jinsi wanaanga wa Marekani wa mradi wa Gemini walivyolazwa chali ili migongo yao ipokee nguvu ya roketi, akapata wazo la kumgeuza mtoto garini. Ayeyo akijua kwamba mjukuu wake amekaa kama mwanaanga, atawaambia majirani mwenyewe.

Akae hivyo hadi lini? Kanuni mpya ya viti inayofuatwa Ulaya inasema asigeuzwe kabla ya kupita miezi 15. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema akae hivyo mpaka apite uzito au urefu ulioandikwa kwenye kiti. Miguu kugusa siti si sababu. Atakunja magoti, kama wajomba zake wanavyokunja kwenye basi la Nairobi.

Hatua ya nne: funga kiti kwenye gari

Hapa Mandera tunajulikana. Tunaweza kufunga friji, madumu kumi ya maziwa ya ngamia na baiskeli juu ya Probox moja, na vyote vikafika Elwak vikiwa vizima. Ila kamba ya mpira iliyokatwa kwenye blada ya tairi iache hukohuko juu, maana hunyumbuka.

Ingiza vidole kwenye ufa kati ya mgongo wa siti ya nyuma na kikalio chake. Ukigusa vyuma viwili vilivyopinda, na kiti chako kina ndoano zake, zipachike hapo mpaka zilie. Ukigusa makombo ya biskuti tu, tumia mkanda wa gari. Upitishe pale kiti kilipowekewa alama; kwenye viti vingi vya Ulaya alama ya kutazama nyuma ni ya buluu. Kandamiza kiti kwa uzito wako wote huku ukivuta mkanda. Kisha kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, rudia.

Tazama pia mwinamo, kwa mstari au kipimo kilicho ubavuni. Kiti kikisimama wima mno, kidevu cha mtoto huangukia kifua na kuziba njia ya hewa.

Hatua ya tano: funga mtoto kwenye kiti

Gusa kwanza kifungo cha chuma. Gari lililoegeshwa juani saa saba mchana lingeweza kukaanga yai hapo. Mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo, na ukijaribu kuufinya mkanda begani usipate kitu cha kufinya. Shuka na blanketi la zawadi vije juu ya mikanda, kamwe visiwe chini yake.

Hatua ya sita: shinda mkutano wa familia

Sasa itatolewa hoja ya mwisho, nayo huja na machozi: hakuna kiti kinachoshinda mikono ya mama. Kwa mapenzi, kweli. Kwa hesabu, hapana. Gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, mtoto hutupwa kwa nguvu ya mara 30 hadi 60 ya uzito wake. Mwenye kilo sita anakuwa mzigo wa kilo 180 au zaidi, na hakuna kuli wa soko la Mandera anayeweza kuudaka. Wataalamu wa usalama barabarani wa Marekani wamekadiria kwamba kiti hupunguza vifo vya wachanga katika magari madogo kwa asilimia 71.

Wakiendelea kubisha, watoe nje watazame gari. Magunia ya sukari yamefungwa. Turubai limefungwa. Beberu amefungwa miguu yote minne. Kiumbe pekee aliyeachwa huru ni yule mliyemchinjia mbuzi.

Hatua ya saba: ondoka

Kila saa mbili hivi simama, mtoe mtoto ajinyooshe, maana kiti si kitanda. Mkishuka kunywa chai, shuka naye. Gari lililofungwa hugeuka tanuri kwa dakika chache.

Na kama gari halina mikanda nyuma? Mwaka 2004, kanuni za John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, zililazimisha mikanda kwenye magari ya abiria, basi huenda ipo, imezikwa chini ya vitambaa vya siti. Ifukue. Ikiwa imekatwa ikafungiwa mlango, tafuta gari jingine.

Hadi sasa mashimo yametufanyia kazi ya mikanda, kwa kumzuia dereva kukimbia. Lakini barabara ya Isiolo hadi Mandera, zaidi ya kilomita 700 kupitia Modogashe, Wajir na Elwak, inajengwa, sehemu yake kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Lami ikikamilika, aliyekwenda 50 atakwenda 100, na nishati inayobebwa na gari itakuwa mara nne. Wanasiasa watakuja kukata utepe. Wewe usiwangoje: fukua mkanda leo.