Namna ya Kumlea Mpiga Dramu wa Jazi Mji Mkongwe

Kwanza hakikisha mtoto anazaliwa kwenye nyumba yenye fidla. Mohamed Issa Matona, fundi wa fidla wa Unguja, hakukosea hapo: baba yake ni Issa Matona, mwenyewe wa "Kimasomaso", wimbo usiokauka harusini. Mwimbaji Siti Muharam naye kachagua vizuri, kwani ni kitukuu cha Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri.

Kama mtoto kishazaliwa na nyumbani hakuna ala hata moja, muwekee kitanda chake dirishani. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana, na mazoezi ya jirani ni ya mtaa mzima. Vikundi vya taarab navyo vimo humu: Ikhwan Safaa tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Mtoto atalala taarab na kuamka taarab, bila ya ada.

Pili, na hapa wazazi wengi wana haraka: usimnunulie dramu. Mpeleke kwanza kwenye kidumbak, tena kwenye harusi ya shamba, akae karibu na wapigaji mpaka vumbi limjae miguuni. Atazame vidumbak viwili vya udongo, kimoja kikishika njia na kingine kikisema maneno yake. Atazame cherewa zikitikiswa, mkwasa ukigonganishwa, na mtu wa sanduku akivuta ile kamba moja mpaka besi inatoka. Kila kimoja apewe akipige peke yake, kwa muda mrefu, mpaka akichoke kisha akipende tena. Maana dramu ya jazi ni kidumbak kizima alichokabidhiwa mtu mmoja: mkono wa kulia juu ya tuazi unafanya kazi ya cherewa, wa kushoto unazungumza, mguu unabeba uzito wa chini. Mtoto aliyepita huko akikalia kiti cha dramu, kazi inayombakia ni kuvigawa viungo vyake. Mahadhi anayo tayari.

Beni ya Mbwa Kachoka, na matarumbeta na ngoma zake, ikipita na harusi, mwachie aifuate, mradi arudi kabla ya magharibi. Mpiga dramu wa jazi Elvin Jones, kule Pontiac, Michigan, alikuwa mtoto wa mwisho kati ya kumi. Kaka yake Hank alikuwa mpiga piano na Thad mpiga tarumbeta, lakini yeye alivutwa na wapiga ngoma wa maandamano ya sarakasi. Miaka ya 1960 ndiye aliyekaa nyuma ya mpiga saksafoni John Coltrane, akichanganya mapigo ya tatu na ya mbili kwa wakati mmoja. Mpigie kijana wako santuri hizo, kisha mwulize kama mchanganyiko huo hajawahi kuusikia ngomani.

Babu akilalamika kwamba jazi ni mambo ya Wazungu, mwamkie kwa adabu, mletee kahawa, halafu mwekee "Jazz Sahara". Ahmed Abdul-Malik, mpiga besi Mwamerika mweusi, aliirekodi mwaka 1958 akiweka kanuni, udi na fidla pamoja na saksafoni na dramu. Atakapoisikia kanuni, babu ataomba kikombe cha pili.

Na ikiwa mtoto ni binti, usibadilishe hata hatua moja. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alipiga msondo wa unyago mpaka uzeeni, na hakuna fundi aliyethubutu kumwambia ngoma ni kazi ya wanaume.

Majirani nao wana haki zao. Ikiadhiniwa, magongo chini. Mwezi wa Ramadhani fanya mazoezi ya brashi juu ya mto wa kulalia, na usiione hiyo kuwa adhabu. Kupiga kwa sauti ya chini bila ya kupoteza nguvu ndio ugumu wa jazi, na wapiga dumbak wa taarab wanaujua siku zote: hawamfuniki mwimbaji.

Baada ya yote hayo ndipo umpeleke kwa maalimu, kwenye Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanza mwaka 2002. Humo kanuni, udi, ngoma za asili na jazi hukaa chini ya paa moja, na kijana hupata wenzake wa kupiga nao, jambo ambalo nyumba peke yake haiwezi kumpa. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza hadharani kuwa fedha zinakaribia kukiishia. Wengi wetu tulisikitika, tukaendelea na safari zetu.

Kwa hiyo hatua ya mwisho ni yako wewe mzazi, shangazi, mjomba, na wewe uliye Muscat au London mwenye dramu iliyofunikwa shuka stoo. Chumvi ya bahari yetu inakula vyuma upesi na dramu mpya ni ghali. Ilete hiyo ya stoo, au mlipie kijana mmoja ada ya mwaka.