Sifa za Mfadhili Asiye na Jina

Wengine wasifiwe kwa kuchimba visima. Mimi leo namsifu mfadhili asiyetaka hata jina lake lijulikane: ile tovuti inayokugeuzia linki ya kulipia ikawa ya bure.

Kwanza, shida anayotuondolea si ndogo. Unalitaka faili lililoko Rapidgator, tovuti ya kuhifadhia mafaili, na huna akaunti ya kulipia. Utasubirishwa, utapewa kapcha, faili litashuka kwa kujikokota, na likiisha utaambiwa ungoje tena kabla ya kupakua jingine. Mfadhili akatuonea huruma. Bandika linki hapa, anasema, seva yangu italichukua kwa akaunti yangu, kisha nitakukabidhi. Akaunti kaipata wapi? Mgeni haulizi nyama ilikotoka. Pengine mwenye kadi iliyoilipia mpaka leo hajui kwamba kalipa.

Na uchoyo hana. Ukurasa mmoja umejaa vitufe vya "Pakua", vyote vya kijani, vyote vinang'aa. Cha kweli mara nyingi ni kile kidogo cha kijivu kilichojibanza chini. Ukibonyeza kingine linafunguka dirisha la kamari, kisha la warembo wanaoishi jirani yako (ajabu, hujawahi kukutana nao hata dukani), kisha lile linalopiga king'ora kwamba kompyuta yako ina virusi. Hili la mwisho lina utabiri: pakua dawa linayokuuzia, virusi utavipata. Halafu anakuomba ubonyeze "Ruhusu" ili uthibitishe kuwa wewe si roboti. Bonyeza tu, na kuanzia hapo matangazo yatakubishia hodi kwenye pembe ya skrini hata kama tovuti yake umeshaifunga. Ndugu wangapi wanakukumbuka hivyo?

Faili lenyewe sasa. Uliomba filamu, umepewa "filamu.mp4.exe". Windows isipobadilishwa mipangilio huificha hiyo "exe", kwa hiyo wewe unaona filamu, unaifungua kwa furaha, na programu inaanza kazi. Inakusanya maneno ya siri uliyoyahifadhi kwenye kivinjari, pamoja na vile vidakuzi vinavyokumbuka kwamba umeshaingia kwenye barua pepe yako. Akivipata, mwizi anaweza kuingia bila kuulizwa neno la siri, wala ule ujumbe wa namba ya uthibitisho hautumwi. Usingizi wako haukatizwi. Huo ni uungwana.

Habagui, pia. Mwanafunzi anayetafuta kitabu na mhasibu anayetafuta programu ya bure kwa kompyuta ya ofisi hukaribishwa sawasawa, ingawa wa pili huondoka akiwa ameiacha ofisi nzima mlango wazi.

Basi, msomaji, ukishindwa kabisa kumwepuka, nakuomba usimwendee kwa kompyuta unayofungulia benki. Na akikwambia usakinishe kitu chochote kabla ya kukupa faili, funga ukurasa.