Mhadhara Mkuu wa Pikipiki, Hautarudiwa

Ndugu waendesha bodaboda wa kijiwe hiki, na wewe fundi uliyekalia debe la oili chafu: tulieni mpate elimu. Watu wa semina wamewahi kuja hapa, wakagawa soda na vipeperushi, wakaondoka. Mimi sikuja na soda, maana elimu yangu haihitaji kuteremshwa kwa kitu. Hoja yangu ni moja, na kabla yangu hakuna aliyethubutu kuitamka: vifaa vya pikipiki si kinga, ni heshima. Ushahidi mnao wenyewe. Kofia ngumu hushinda wapi? Hushinda imetundikwa kwenye kioo cha pembeni, mpaka trafiki aonekane kule mbele, ndipo ipande kichwani. Akishapitwa trafiki, kofia inarudi kiooni. Kwa hiyo, kimantiki, kofia humkinga mtu na trafiki, haimkingi na lami, kwa sababu lami haiandiki faini. Wanazuoni wa Ulaya hawajafika hapo. Sisemi wanachelewa, nasema tu hawajaniita.

Wabishi watanitajia takwimu, nami sizikimbii. Watafiti waliochambua tafiti za nchi mbalimbali mwaka 2008 walikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Jumlisheni: 111. Kitu kinachokinga kwa asilimia 111 kina walakini, na mwenye akili hakigusi. Fundi ananong'ona kwamba hizo ni hesabu mbili tofauti, hazijumlishwi. Fundi aliishia darasa la saba. Mimi niliishia mbali zaidi, ingawa si mahali pa kutaja wapi. Mwingine atanitajia Lawrence, yule Mwingereza wa Uarabuni aliyemiliki pikipiki saba za Brough Superior, na ya nane ikawa inaundwa. Naam, alipanda kichwa wazi! Mei 1935, huko Dorset, aliwakwepa vijana wawili wa baiskeli, akarushwa, akafa siku sita baadaye. Daktari wa upasuaji wa ubongo aliyeitwa kumhudumia, Hugh Cairns, akageukia kuchunguza vichwa vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha utafiti wa kuonyesha kwamba kofia zinaokoa maisha. Sasa pimeni kwa haki: bila kichwa kile kitupu, sayansi ya kofia ingechelewa. Nani basi amechangia zaidi, aliyevaa au asiyevaa?

Mtauliza, mbona Kigali abiria naye anavaa? Kigali iko juu milimani. Wale wanajikinga na baridi. Mtasema abiria wa hapa wanaikataa kwa sababu inanuka jasho la waliotangulia. Hoja hii naiheshimu, maana inaniunga mkono, na simruhusu fundi aiharibu kwa habari zake za kitambaa chembamba cha kuvaa ndani. Kuhusu mkanda wa kidevuni, inasemwa kwamba usipofungwa, kofia huruka kabla kichwa hakijafika chini. Na iwe hivyo: mjumbe hutangulia, mkubwa hufuata. Inasemwa pia kwamba kofia ikishapigwa chini kwa nguvu, lile povu gumu la ndani limebonyea na halitainuka tena, kwa hiyo itupwe hata kama nje haina ufa. Kwa mtazamo wa heshima, hapo dawa ni rangi mpya tu.

Matengenezo nayo yanafuata kanuni ileile. Ng'arisheni tangi, tangi ndilo linaloonekana. Kwenye injini wekeni oili ya gari, kwa kuwa gari ni kubwa kuliko pikipiki na mkubwa hupewa kilicho bora. Fundi anapinga: eti klachi ya pikipiki hizi huogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingi za gari zina vilainishi vinavyoifanya iteleze, injini ikapiga kelele na pikipiki isivute. Lakini kelele si heshima? Cheni ikazeni kama ngozi ya ngoma. Eti ilegezwe icheze sentimita mbili hadi tatu, isije ikala sproketi na beringi! Ulegevu ni ulegevu, hata wa chuma. Tairi lisomeni: hili lina tarakimu 2319, maana yake lilitoka kiwandani saa tano na dakika kumi na tisa usiku. Fundi anasema ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, kwa hiyo limezeeka. Mimi nalisoma kwa saa, na kwa saa bado ni jipya. Breki mzijaribu kila asubuhi kwa kubana mkono huu wa kushoto… Naambiwa huo ni wa klachi. Majina hayazuii elimu.

Kufuli liwe kubwa, lenye mnyororo mnene, lipitishwe gurudumu la mbele na kufungwa kwenye mwembe pale penye macho ya watu. Pingamizi: gurudumu la mbele hushikwa na ekseli moja tu, mwizi ataifungua na kuondoka na kilichobaki, afadhali mnyororo upite kwenye fremu, usilale chini ambako nyundo hupata pa kuegemea, na usukani nao ufungwe. Nimelipima pingamizi hilo. Mwembe haujawahi kuibwa. Kufuli limefanya kazi.

Swali la mwisho, nalo ni la utovu wa adabu: pikipiki yangu iko wapi. Mkunga mwanamume hajazaa, na hakuna anayemuuliza. Sasa nipelekeni Manzese. Si wewe mwenye ndala. Yule kule, aliyevaa buti, aliyefunga mkanda. Na hiyo kofia ya pili ilete. Kichwa hiki hakina nakala. Haya, nifunge. Kaza. Kaza tena kidogo.