Waya wa Liwali

Msomaji mwenzangu, kama nyumba yako ina watu wengi na ruta moja, vuta kiti tuliwazane. Tangu mwaka 2009 mkonga wa TEAMS umelazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, kule Falme za Kiarabu, mpaka hapa Mombasa, zaidi ya kilomita 4,000. Mawasiliano huvuka bahari yote hiyo salama salimini. Yakifika nyumbani kwetu Mji wa Kale, yanashindwa na ukuta wa chumba cha mama mkwe.

Mama mkwe tunamwita Liwali. Jina alipewa na marehemu mumewe, naye analipenda, maana tangu nioe hapa sijaona shauri la nyumba hii likipita bila yeye. Mke wangu ndiye Mudiri: amri ikitoka kwa Liwali, yeye huitekeleza. Binti yetu Salma ni Wakili; ukimwambia azime simu, atakutaka sababu. Kitinda mimba ni Pweza, kwa kuwa popote palipo na kitufe, waya au kifuniko, mkono wake umeshafika. Kisha yupo shemeji yangu, Injinia, aliyepata cheo hicho siku alipoifufua redio ya Liwali kwa kuitia betri mpya.

Nyumba yenyewe ni ya wazee, mawe ya matumbawe kwa chokaa, kuta nene kiasi cha nusu mita. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haifiki mbali. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, na vyumba vyembamba ni kuta nyingi. Wazee walitaka ubaridi, wakaupata. Mchana wa Februari ukiingia ndani unawaombea dua. Lakini mawimbi ya waifai kila yakipenya jiwe hupungua nguvu, na baada ya kuta tatu hayabaki ya kutegemea.

Fundi aliiweka ruta sebuleni, kwa kuwa ndipo waya wa faiba unapoingilia. Ruta hiyo hurusha mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 5, yenye kasi lakini maskini mbele ya ukuta, na ya gigahezi 2.4, yenye kasi ndogo lakini yanayojitahidi kupenya. Wakili, mwenye chumba jirani na sebule, alisoma masomo yake bila kikwazo. Jikoni Mudiri alipata kwa kubahatisha, na maikrowevu ikiwashwa video yake ya mapishi iliganda, maana nayo hutumia mawimbi ya karibu gigahezi 2.4. Liwali, kule nyuma ng'ambo ya ua, hakupata cha kutegemea. Naye ndiye mwenye mtoto Toronto.

Hapo ndipo paliponiuma. Mwanawe hupiga simu ya video Jumapili jioni. Liwali ana maradhi ya magoti, na kwake kufika sebuleni ni safari. Basi hukaa kitandani, amejitanda leso mpya, simu mkononi, na sura ya mwanawe imeganda mdomo wazi. "Mbona hasemi? Ana nini mwanangu?" Mkwe gani atavumilia kuyasikia maneno hayo?

Nikatangaza kwamba navuta waya. Injinia akapinga: "Shemeji, zama hizi waya wa nini?" Akaja na kikuza mawimbi, akakichomeka chumbani kwa mamake, vitaa vikawaka, Mudiri akapiga kigelegele. Kumbe kifaa hicho hukuza kile kinachokifikia, na pale hapakufika cha maana. Kikahamishiwa ukumbini. Huko kilipokea, lakini kwa kuwa kilikuwa kikipokea na kurusha kwa redio moja, kasi ilipungua karibu nusu. Sura ya Toronto ikaendelea kuganda, na Liwali akamshukuru mwanawe wa hapa kwa kuhangaika.

Injinia hakukata tamaa. Akaleta ruta yake kuukuu, akaiunga na yetu kwa waya. Zote mbili zilikuwa na anwani moja, 192.168.1.1, na zote zikaanza kuzigawia simu na kompyuta zetu anwani. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nyumba nzima ikakatika mawasiliano, Mudiri yumo katikati ya kutuma hesabu za chama chao, Wakili yumo kwenye jaribio la hisabati. Baraza likakaa sebuleni. Mshtakiwa wa kwanza, kama ilivyo ada, akawa Pweza, ingawa siku hiyo alikuwa amelala. Dawa ya tatizo ilikuwa kuipa ruta ya pili anwani yake na kuizuia isigawe anwani, ibaki kurusha mawimbi tu. Injinia aliirekebisha kwa mkono wake, na sifa hiyo ni yake.

Waya sasa ukakubaliwa, kwa masharti. "Nyumba ya babu yangu haitobolewi," Liwali alisema. Upande wa barabarani napo haugusiki ovyo, maana Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Ikabidi waya utoke kwa dirisha la nyuma la sebule, uvuke ua hewani, uingilie tundu la hewa la chumba chake. Nilinunua wa nje, wenye gamba jeusi linalohimili jua. Waya wa namna hii hufika mita 100, na wetu haukufika nusu. Ndani mna nyuzi nane, jozi nne, nazo hupangwa kwa rangi kwenye kichwa cha kuchomeka: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wakili alizisoma kwa sauti, mimi nikapanga na kubana, Pweza akashika tochi. Mwisho wa waya tukaiweka ruta ya Injinia. Jumapili ilipofika, Liwali alimwona mwanawe mpaka mvi za ndevuni. "Umekonda," akamwambia, na nyumba nzima ikacheka kwa raha.

Siku ya kufua, Liwali akauona waya umetanda uani penye jua zuri, akaanika juu yake leso na shuka. Ukavutika, jozi moja ikachomoka kichwani. Kasi ya megabiti 1,000 hutaka jozi zote nne. Vifaa vyenyewe vikashuka mpaka 100, inayotumia jozi mbili tu. Nikashika koleo niubane upya.

"Baba Salma," Mudiri akauliza, "sisi tunalipia kasi gani?"

"Megabiti 40."

"Basi hiyo 100 imetupunguzia nini?"

Liwali akamalizia: "Mwanangu, mimi namwona. Pumzika." Koleo nikairudisha sandukuni. Nikamfungia kamba ya nguo, lakini waya uko juu zaidi, unapata jua zaidi, na leso bado zinaupenda.

Nawe ukipanga mtandao wa kwako, usiupime ukiwa umeketi kando ya ruta. Nenda chumba cha nyuma kabisa, kwa yule asiyeweza kuinuka, uupime huko. Wenye miguu mizima watajisogeza wenyewe. Waya wa kwanza kununua ni wa huyo.