Heko kwa Mpiga Picha wa Bei Rahisi

Harusi ikiisha, hakuna anayesemwa kama mpiga picha wa bei rahisi. Mpishi aliyeunguza wali husamehewa kabla sufuria hazijaoshwa, na mshereheshaji aliyekosea jina la bwana harusi hugeuzwa kichekesho. Lakini yule kijana aliyekuja na kamera ya kuazima na betri nusu hulaumiwa mpaka mtoto wa kwanza abatizwe. Mimi nasimama upande wake. Nasema kwamba kwa watu wanaooana Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kusini mwa Ziwa Edward, huyu ndiye mpiga picha bora, na ubora wake unatoka katika kasoro zilezile anazotukaniwa.

Tuanze na pesa, maana ndipo ugomvi unapoanzia. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka mahari, na inataka wachumba wasimame mbele ya ofisa wa serikali. Albamu haiitaki. Picha basi ni deni ambalo maharusi wanajibebesha wenyewe, nalo hufika mwisho kabisa, baada ya mbuzi, vikwembe vya mama wakwe, vinywaji na viti vya kukodi. Nayo pesa ya Vitshumbi hutoka wavuni: wiki hii tilapia wamejaa, wiki ijayo mtumbwi unarudi na maji tu. Sasa mlete mpiga picha mwenye jina kutoka Goma. Kwanza atakatiza zaidi ya kilomita 100, apite Rutshuru na Kiwanja, aingie Mbuga ya Virunga kwa njia ambayo kwa miaka mingi magari yalisubiri msafara wenye walinzi. Atahesabu kwenda, kulala, kurudi na hofu yake, halafu atahesabu vyote tena kwa ajili ya msaidizi anayemshikia taa. Kijana wa hapahapa anakuja kwa miguu. Tena bei yake inatia adabu kamati nzima ya harusi: nani ataagiza tao la maua ya bei mbaya akijua mpiga picha atalikata nusu?

Hiyo ni faida ndogo. Faida kubwa ni kwamba mtu huyu hana uwezo wa kupanga watu. Mpiga picha ghali ni mkurugenzi. Anawafukuza watoto, anaondoa ndoo, anamwambia bibi harusi acheke, wakati katika sehemu nyingi za Kongo bibi harusi aliyelelewa vizuri hununa siku hiyo, kuonyesha kwamba kuwaacha wazazi si jambo dogo. Matokeo yake ni wawili wanaong'aa mbele ya ukungu mzuri, na hujui kama ni Vitshumbi, Kampala au Brussels. Wa bei rahisi hajui kutengeneza ukungu huo, na simu yake ikijaribu inafuta na sikio la bwana harusi. Kwa hiyo kila kitu kinaingia: mitumbwi iliyopandishwa mchangani, nyavu zinazoanikwa, shangazi anayehesabu soda kwa kidole, na nyuma ya keki marabu mmoja, yule korongo mwenye upara, amesimama kama mjumbe wa ukoo akisubiri matumbo ya samaki. Mnacheka leo. Lakini katikati ya miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000, na kufikia 2005 hawakufika 1,000. Kama kuna familia yenye picha ya harusi ya zamani iliyopigwa ovyo ufukweni, viboko wakiwa nyuma kwa bahati mbaya, leo watu huitazama sehemu hiyo ya nyuma kuliko gauni.

Watanijibu kwa methali ambayo kila shangazi anaijua, kwamba rahisi ni ghali: kijana anakata vichwa, na asipokata anavitia giza. Ni kweli, sitamtetea kwa uongo. Ila giza lile tulitazame vizuri. Vitshumbi iko karibu na mstari wa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini na macho ya kila mtu yanazama kivulini. Katika jua hilo anapewa gauni jeupe pe na bwana harusi mweusi mwenye suti nyeusi, aviweke sawa kwa chombo kidogo kinachojua kuchagua kimoja tu. Uso ukionekana, gauni linawaka kama taa. Mishono ya gauni ikionekana, bwana harusi anabaki meno. Hata viwanda vikubwa viliwahi kushindwa hapo: maabara nyingi za picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zilizokuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi zetu zikaachwa zijitegemee. Dawa yake haina gharama. Wasogezeni maharusi chini ya mwembe, au subirini saa kumi na moja jioni. Kamati inayoweka picha saa saba mchana ili watu wawahi kula haina haki ya kumlaumu mtu kwa vivuli.

Na ufundi una mahali pa kuanzia. Jean Depara, aliyekuja kuwa mpiga picha maarufu wa usiku na muziki wa Kinshasa, alinunua kamera ndogo aina ya Adox mwaka 1950 ili apige harusi yake mwenyewe. Miaka michache baadaye alikuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco. Sisemi kwamba kijana wenu ni Depara. Nasema harusi ya mtu fulani lazima iwe ya kwanza, na afadhali iwe ya mtu aliyepunguziwa bei.

Pingamizi zito ni la kumbukumbu: picha mbaya zitawafaa nini wajukuu? Hapa hasa ndipo ninapomvulia kofia. Albamu ya kifahari ina jalada gumu, uzito wa tofali na nakala moja, nayo inakaa kabatini. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoingia katikati ya Goma Januari 2002 haikuchagua makabati. Mei 2021 ililamba nyumba tena, na siku chache baadaye mitaa mizima iliamriwa kuhama. Machi 2024 vita vilifika Vitshumbi yenyewe. Anayekimbia anabeba mtoto, godoro na sufuria. Lakini picha za bei rahisi hazikuwahi kuwa na kabati: zilirushwa usiku uleule kwa WhatsApp, zikapungua ubora njiani, zikakaa kwenye simu za mashemeji walioko Butembo, Goma na Kampala. Ubovu wake ndio uliozisambaza, kwa kuwa faili ni jepesi na hakuna aliyeona vibaya kuligawa. Za yule wa Goma zilifika zikiwa na jina la studio katikati ya paji la uso, zikisubiri salio lilipwe.

Lakini sifa zina mpaka. Anayepoteza kadi ya kumbukumbu simsifu. Huyo ni mwizi asiyejua kwamba anaiba. Kwa hiyo chagueni wa bei rahisi kwa akili. Msimwombe picha zake kumi nzuri, kila mtu anazo. Mwombeni harusi moja nzima, kuanzia mahari hadi watu wanapoondoka, na mwangalie kama wazee wamo. Mwulizeni atafanya nini jenereta ikizima. Mpeni nusu mkononi na nusu baada ya kunakili picha zote kwenye simu mbili za familia, siku hiyohiyo, kabla hajaondoka. Mpeni pia dada mmoja mwenye sauti, anayezijua koo zote mbili, awe anamwita nani asimame wapi, maana kijana hawezi kumjua mjomba kwa kumtazama. Na mlisheni mapema, samaki mzima, si mchuzi wa mabaki. Mpiga picha mwenye njaa hapigi maharusi, anapiga meza ya chakula, tena hizo ndizo picha zake pekee zisizotikisika.