Siwa Haienei Karatasini

Ukitaka kujua kama mtu anaona au anadhani tu kwamba anaona, mpe penseli umkalishe mbele ya kiti cha enzi. Kiti hiki cha waungwana wa Lamu na Pate ni cha mpingo, kimepambwa kwa vipande vya pembe, kikalio na mgongo vimesukwa kwa uzi, na mbele kina pa kuwekea miguu. Lakini binadamu amekalia viti tangu utotoni, basi haoni haja ya kutazama sana; anachora kiti anachokijua, na daftari likifunguliwa mbele za watu kumbe ni kiti cha kinyozi. Nashikilia kwamba kikundi cha wachoraji wa mtaani, wale wanaokwenda makumbusho kuharibu karatasi, wanavijua vitu vya kale kuliko sisi tunaopita na simu, na wanavijua kwa sababu hiyo hiyo ya kuharibu.

Chukua bakuli la Kichina la buluu na nyeupe, ambalo pwani yetu ililipenda hadi ikalipachika kwenye makaburi. Mchoraji mgeni huuchora mdomo wake duara kamili, kama anayechungulia kisima, kisha kitako akakinyoosha kwa rula. Hapo amepata chombo ambacho hakiwezi kushika hata uji. Mkono hauna kosa. Kichwa kinajua kwamba mdomo ni mviringo na kitako hukaa bapa mezani, kikaamuru vyote viwili vionekane kwa pamoja, na jicho, lililokuwa likiona duara lililobanwa, halikuulizwa. Mtu akiwa peke yake angejipongeza akaenda zake. Kwenye kikundi daftari hupangwa sakafuni, mabakuli yanaanza kuinamiana, ubishi unazuka, na wabishi wanarudi kabatini kuamua nani mwongo. Ni wageni wangapi hulitazama bakuli moja mara ya pili?

Siwa ya Pate, iliyo katika Makumbusho ya Lamu, ina mkasa wake. Ni baragumu la pembe ya ndovu na urefu wake unapita mita 2. Watu huanza na mdomo mpana, wakajaza nakshi kwa raha zao, na karatasi ikaisha siwa ikiwa bado iko njiani. Anayebahatika kufika mwisho huweka tundu la kupulizia nchani, kama alivyozoea kuona kwenye tarumbeta za bendi, ilhali tundu la siwa liko ubavuni. Mwenzake akimwuliza mpulizaji angesimama wapi, ndipo anapolazimika kufikiria mabega, mikono na uzito, mambo ambayo kibao cha maelezo hakijawahi kumtaka mtu ayafikirie.

Mtasema simu inamaliza kazi hiyo kwa sekunde moja. Naam, pamoja na taa ya dari na tumbo la mpiga picha kwenye kioo cha kabati. Mhifadhi anayetaka kufuatilia ufa atumie kamera, sibishani naye. Ila sisi wengine picha zetu hulala ndani ya simu hadi nafasi ijae, tukazifuta bila kuzitazama. Wako pia wanaoona ni utovu wa adabu kuchora urithi wa wazee kombo namna hiyo. Ningewaelewa vizuri zaidi kama wangekuwa wanakawia mbele ya kiti kile kuliko wanavyokawia kwenye foleni ya soda.

Makumbusho mengi duniani huruhusu penseli na kukataza wino, kwa kuhofia matone. Mimi ningeongeza raba kwenye marufuku hiyo. Mstari wa kwanza uliopotoka ndio unaomwonyesha mchoraji wa pili auweke wapi, na akiufuta anaanza upya gizani, kosa lile lile likamrudia likiwa safi zaidi. Mfagiaji naye atapumzika na yale makombo.