Viwanja vya Simamaji

Mji wangu unaitwa Simamaji, na haupo. Upo kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa sebuleni kwetu, kati ya kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi na picha ya mahafali ya shemeji. Katikati unapitiwa na mto uitwao Mwenda, ambao nao haupo. Ninauandikia riwaya ya mambo ya ajabu: malkia wa mamba, wavuvi wanaozikwa wima, binti anayefuma nguo kwa ukungu wa alfajiri. Malkia na binti hawana neno. Wanaoninyima usingizi ni mitaa.

Kumpa mtu mabawa hadithini ni kazi ya sentensi moja. Jaribu kuupa mtaa mtaro. Ukishachora mto umeshawagawa watu kabla hujampa hata mmoja jina. Wa juu wanachota maji safi, wanafua, wanamwaga; wa chini wanapokea vyote pamoja na salamu. Wachinjaji na watengeneza ngozi sharti uwashushe mwisho kabisa, la sivyo mji mzima utakunywa ngozi. Mto unapobanwa panakaa kivuko, penye kivuko pana mama ntilie, na penye mama ntilie pana wanaokula kwa mkopo. Hapo una mtaa tayari, na una kesi.

Shaaban Robert alikuwa mjanja. Kusadikika ya mwaka 1951 aliiweka angani, na nchi ikiwa angani hakuna wa kuuliza maji machafu yanakwenda wapi. (Tulio chini ndio tungeuliza.) Mwingereza Terry Pratchett hakukwepa: jiji lake la Ankh-Morpork lina mto mzito kwa uchafu hata mtu anaweza kutembea juu yake. Wasomaji wa Ulaya wanacheka. Mimi ninayevuka bonde la Msimbazi pale Jangwani kila nikienda Kariakoo nilisoma kama taarifa ya habari. Jambo lililonipa moyo ni kwamba kitabu cha kwanza cha mfululizo huo kilitoka mwaka 1983, na ramani ya mitaa ya jiji ikachapishwa mwaka 1993. Miaka 10 watu wanaoana, wanaibiana na kukimbizana katika mitaa isiyopimwa! Nilimsomea mke wangu kama utetezi. Akasema mbona hata huku kwetu ndivyo, watu wanajenga kwanza, upimaji unakuja baadaye na kopo la rangi nyekundu na alama ya X.

Basi Jumapili moja kikoba cha mke wangu kikakaa kwetu. Mweka hazina, mama ambaye hajawahi kusamehe faini ya mtu, alisimama mbele ya manila na miwani puani.

"Baba Zai, hivi viwanja vipo wapi?"

"Simamaji."

"Simamaji ya Mkuranga au ya Kisarawe?"

Kabla sijafungua mdomo katibu akamjibu kuwa lazima ni Mkuranga, Kisarawe hakuna mto wa hivyo. Nikaeleza kuwa ni mji wa hadithi. Wakaitikia vizuri, "Ahaa," kisha wakaendelea kuukagua. Shule ipo wapi? Zahanati? Jalala? Mbona hakuna makaburi, watu wako hawafi? Nikajitapa kuwa wa Simamaji wanaishi miaka 300. "Basi wanazaa," akasema mweka hazina. "Tunarudi palepale, shule ipo wapi?"

Halafu wakaingia kwenye majina. Nilikuwa nimeyaandika kwa mwandiko wa mahaba: Mtaa wa Wafuma Ukungu, Ngazi za Majini, Kwa Waashi wa Mwezi. Katibu, ambaye mumewe ana daladala, aliniuliza kwa upole kama nimewahi kusikia kondakta akiita hivyo mlangoni. Nikafikiri: Magomeni Mapipa, Tabata Dampo, Kimara Mwisho. Hakuna aliyekaa mezani kutafuta ushairi. Chai ilipomalizika Ngazi za Majini ilikuwa Ngazini, Waashi wa Mwezi wamekuwa Mwezini, na ile kona ya watengeneza ngozi niliyoiacha bila jina ikaitwa Kwa Mnuko. Wafuma Ukungu walinusurika kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda huko.

Nilibaki na fahari moja, mto wenyewe. Mara mbili kwa siku Mwenda hugeuka na kurudi mlimani, akivutwa na jini aliyefungwa kwenye chanzo chake. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Bweni, ng'ambo ya Pangani, alikuwa amekuja kwetu kwa matibabu. Nilimwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Hayo ni maji kujaa, mwanangu. Pangani yanarudi hivyo tangu sijazaliwa, na pantoni inavuka."

"Na jini, mama?"

"Jini yupo. Ila hilo silo lake."

Akatupa chuya moja, akaongeza: "Sasa aliyekosa pantoni ya mwisho, huko kwako analala wapi?"

Swali hilo limenipa mtaa bora kuliko yote niliyobuni mwenyewe. Nimeuchora kando ya kivuko, upande usio na soko. Una vyumba vya kulala wageni, mikeka ya kukodi, muuza kahawa asiyelala, na mganga wa watu walioachwa. Wakazi wake wote wanapita tu. Kuna waliochelewa jana, kuna waliochelewa msimu wa kusi uliopita, na kuna koo zilizochelewa vizazi vitatu nyuma ambazo bado hazijafungua mizigo, kwa kuwa pantoni ya asubuhi inakuja sasa hivi. Hawapandi miti. Hawapaki chokaa. Wakioza binti, shehe anaombwa afupishe. Unaitwa Waliochelewa, na hata katibu amekiri kuwa kondakta anaweza kuuita.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu upimaji wa ardhi, alipita kuchukua ngazi yake akagomba kuhusu bonde. Katika sura ya nne malkia wa mamba anaamuru watu wote wa bondeni wahamishiwe kilimani kwa sababu ya mafuriko, nao wanatii. Mzee alicheka mpaka akakaa. Rufiji, mwishoni mwa miaka ya 1960, watu walitolewa bondeni wakapelekwa vijiji vya juu, lakini udongo mtamu ulibaki chini, nao wakaufuata na madungu yao. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, na wako waliorudi, kwa kuwa kibarua hakikuhamishwa. "Andika wanarudi," akasema. Nimeandika wanarudi, kila kiangazi, na malkia anawahamisha tena kila masika, mpaka zoezi lenyewe limekuwa sikukuu yenye ngoma.

Katikati ya wiki mdogo wake Zai alimwaga chai ya maziwa juu ya malisho ya mashariki. Sasa ni bwawa.

Sijamaliza kuchora kingo zake, dalali akabisha hodi. Simu mbili mkononi, funguo zisizojulikana ni za nini kiunoni.

"Bosi, nasikia una mali kando ya mto."

Nikamwambia ni hadithi. Akatabasamu kama mtu aliyezoea wamiliki wenye aibu. "Kila mtu huanza na hadithi, bosi. Mimi changu asilimia 10."

"Hakuna kiwanja, kaka. Hata kimoja."

"Cha mwezi uliopita nacho hakikuwepo," akasema, akaipiga manila picha.

Ijumaa mjumbe akaja kwa sauti ya huzuni. Amesikia kuna mauziano yanafanyika bila kupitia ofisi. Nikamkaribisha, nikamweleza mto, majini, Kwa Mnuko, yote. Akauliza huko mwenyekiti ni nani. Nikasema panatawaliwa na malkia wa mamba. Akatafakari.

"Muhuri anao?"

Nimemwongezea malkia muhuri, wa jino la babu yake. Mke wangu naye amehamisha manila chumbani, lakini picha ya dalali imeshatembea. Mweka hazina anadai kona ya juu karibu na kisima, dada yake anataka ipakane naye, na wote wawili wanaulizia upana wa barabara, eti gari la mchanga lisije likakosa pa kugeuzia. Jana usiku dalali alituma ujumbe. Amepata mteja, mtu wa maana, anataka Waliochelewa, ubavuni mwa kivuko. Anauliza umeme umefika?

Nikamjibu nguzo zimeshaletwa, zimelazwa barabarani.